Petroli au dizeli kwa kuvuta tela: Kitonga na ile chupa ya maji

Nimevuta tela kwa pikapu mbili, ya petroli kwanza, kisha ya dizeli. Njia ni ileile, Dar hadi Iringa, na mzigo uleule: mashine 2 za kuchanganyia zege, kama tani moja na nusu. Naandika bado nina hasira, mnivumilie.

Ya petroli hadi Mikumi huna la kuilalamikia. Imetulia, nyepesi. Shida ni mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa. Nguvu ya petroli inapatikana injini ikizunguka sana, kwa hiyo mlima ule unaupanda kwa gia ya pili huku injini inalia, na mshale wa mafuta unashuka unauona. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, inazidi kuishiwa pumzi. Siku moja ilichemsha kwenye kona, malori yamepanga foleni nyuma, msaidizi wangu anakimbia kutafuta mawe ya kukinga matairi. Nikaapa: petroli basi.

Nikachukua dizeli yenye turbo. Jamani! Safari ya kwanza nilipanda kwa gia ya tatu, injini inanguruma chinichini, tela linafuata kama halina kitu. Nilifika Ilula, nikanunua nyanya zangu, na mafuta bado yapo. Kwa petroli ningekuwa nimeshasimama kuongeza.

Halafu ikaja ile sheli. Ilikuwa masika, mwaka juzi nadhani. Nilijaza tangi zima njiani, na kama kilomita 20 mbele taa ikawaka, gari likaanza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Fundi akafungua chujio, akamimina kilichomo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaisimamisha juu ya boneti. Tukasubiri. Dizeli ikapanda juu, chini yakabaki maji, vidole viwili vizima, na katikati utando wa uchafu mweusi.

Nozeli zote 4, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, zimekwisha, na pampu pia. Petroli ya kawaida ingekohoa, ukamwaga tangi, ukasafisha, ukaondoka. Hizi dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 kupitia vitundu ambavyo kwa macho huvioni vizuri, na kinacholainisha pampu ni dizeli yenyewe. Maji yakiingia, chuma kinasaga chuma.

Nikarudi sheli na chupa yangu mkononi. Meneja hata kusimama hakusimama. "Wenzako wamejaza hapahapa, mbona hawajarudi?" Nikamwambia, kaka, hebu angalia mwenyewe. Akataka risiti. Nikampa, ya EFD kabisa, ile ya mashine ya kodi. Akaisoma, akanirudishia: "Hapa hapajaandikwa maji." Mbele ya wafanyakazi wake, nami na nguo zangu zimelowa dizeli!

Baada ya hapo kila aliyeniuliza nilimwambia anunue petroli. Nikaongeza na hili ambalo wauzaji hawalisemi: ukishuka Kitonga na mzigo kurudi Dar, petroli ukiachia pedeli ya mafuta injini inakushikilia. Dizeli ya pikapu isiyo na breki ya moshi, ile inayobana moshi ili injini ishikilie gari, inakuachia uende, mzigo wote unabaki kwenye breki za miguu. Hilo silifuti.

Lakini juzijuzi shemeji aliomba nimsindikize na petroli yake, tela lina mbao tu. Kona ya tatu ya Kitonga macho yangu yako kwenye geji ya joto, barabara siioni tena. Nikakumbuka kwa nini niliuza ile yangu.

Kwa hiyo tela la Dar na Chalinze, chukua petroli, utalala vizuri. Mimi dizeli yangu ninayo bado. Nimefunga chujio la pili la kutenganisha maji, najaza Morogoro kwenye sheli ninayoijua, na nikikwama mahali pageni, lita ya kwanza inaingia kwenye chupa, naisimamisha juu ya boneti, nasubiri. Wahudumu wananuna. Wanune.