Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa siziamini

Nilikuwa nampeleka mama Tokyo kutoka Helsinki, na mama ana dawa anayomeza kila baada ya saa 8. Kwa hiyo kabla sijakata tiketi nilitaka kujua jambo moja tu: tutakaa angani saa ngapi? Nikaingia kwenye kikokotoo kimoja cha mtandaoni, vile unavyoandika viwanja viwili vikakupa umbali na muda.

Kwenye umbali nakisifu. Niliweka HEL na NRT (misimbo ya uwanja wa Helsinki na wa Narita, Tokyo), papo hapo ikaja takriban kilomita 7,800, pamoja na ramani yenye mstari uliopinda kuelekea kaskazini. Mama akauliza mbona ndege inazunguka. Nikachukua uzi, nikauvuta juu ya tufe la dunia kutoka Helsinki hadi Tokyo, nao ukapita hukohuko Siberia. Akaona mwenyewe kwamba ndiyo njia fupi. Ramani bapa ndiyo inayodanganya macho. Ila angalia msimbo wa uwanja, maana Tokyo ina Haneda na Narita, na Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji.

Tatizo ni muda. Kilisema saa 9 na dakika 41. Kwa hesabu hiyo kidonge kimoja kingetosha njiani, vingine tukaviweka kwenye sanduku la kupakiwa chini. Nilipokata tiketi nikakuta saa 13! Nilidhani kuna kituo katikati, kumbe ni moja kwa moja.

Nikakirudia kikokotoo nikapiga hesabu yake: kinagawanya kilomita kwa mwendo wa 850 kwa saa, kinajumlisha nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Ukigeuza safari kinatoa muda uleule, ingawa upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Na mipaka hakiijui kabisa. Tangu mwishoni mwa Februari 2022, Urusi imeyafungia anga yake mashirika ya ndege ya Umoja wa Ulaya, na mstari ule sehemu yake kubwa unapita juu ya Urusi. Ndege hizo zinalazimika kuizunguka, ama kaskazini karibu na Ncha ya Kaskazini kisha kushuka kwenye Mlango-Bahari wa Bering, ama kusini kupitia Asia ya Kati.

Sentensi moja tu chini ya namba ile, kwamba ni makadirio yasiyohesabu njia halisi, ingetosha. Wapo wagonjwa wanaopanga dawa kwa namba hiyo. Natoa nyota tatu kati ya tano.

Sisi tulipita kaskazini. Vidonge nilikuwa nimeshavihamishia kwenye mkoba wa mkononi, na mama alimeza cha pili ndege ikiwa bado inatembea ardhini Narita, kwa maji aliyobakiza kwenye chupa.