Gari dogo la kuanzia: lipi ununue ukitaka kujiundia modeli yako

"Umelinunua wapi hili?" Kila mgeni akiliona Land Cruiser dogo lililoko juu ya kabati langu huanza na swali hilo. Lina vumbi jekundu kwenye madigadi, dumu la maji nyuma, turubai lililofungwa kwa uzi, na mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, uliosimama ubavuni mwa kioo cha mbele. Halikununuliwa hivyo. Lilitoka dukani likiwa la zambarau, lina miali ya moto ubavuni. Mkonga ni kipande cha waya wa umeme nilichokipinda juu ya mshumaa, turubai ni karatasi laini iliyolowekwa gundi ya mbao, na lile vumbi ni vumbi kweli, nimelichekecha kwa soksi ya nailoni.

Kwa hiyo anayeingia kwenye kazi hii ajue kwamba anachonunua ni gari la kubomoa, na magari hayalingani katika kubomoka. Nimeyapanga hapa kwa maswali matatu. Linafunguka na kufungika tena bila kuvunjika? Rangi inashika, na ikikosewa inatoka? Na ukiliharibu kabisa, utapata jingine wiki ijayo bila kuvunja kibubu?

Nafasi ya kwanza: gari la chuma la 1:64

Skeli ya 1:64 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 64 za gari lenyewe. Kipanya cha Toyota Hiace chenye urefu wa milimita 4,695 kinashuka hadi sentimita 7 na kidogo, kinakaa kiganjani. Bodi ni ya zamaki, yaani zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo. Ni laini vya kutosha kukatwa kwa msumeno wa chuma na kusawazishwa kwa tupa, na ukiiosha kwa thina haidhuriki. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoipa nafasi ya kwanza. Rangi ikikuharibikia unaiosha yote, unaanza upya. Ninayo bodi moja niliyoipaka mara nne, na ukiishika leo huwezi kujua.

Dukani usijaribu kwa sumaku. Zamaki haishikwi na sumaku; kinachonasa ni ekseli tu. Shika gari, lipime uzito, ligusishe shavuni mwako: chuma ni baridi, plastiki si baridi. Kuna magari ambayo tumbo ndilo la chuma na bodi ya juu ni plastiki, na kwa kazi yetu hayo hayafai. Bodi ndiyo inayotakiwa kuwa ya chuma.

Kwa majina, Hot Wheels ya Mattel, iliyoanza mwaka 1968, ndiyo rahisi kuipata, na Marekani gari la kawaida huuzwa kwa dola moja na ushei. Kasoro yake ni kwamba magari hupimwa ili yaingie kwenye pakiti, kwa hiyo lori na gari dogo hukaribiana urefu. Ukitaka kuyapanga yote kwenye barabara moja, jicho litakataa. Halafu mwaka ulioandikwa tumboni ni mwaka wa umbo lile kusajiliwa, si mwaka wa gari hilo kutengenezwa, hivyo muuzaji asikupandishie bei kwa kukuonyesha tarehe ya zamani. Matchbox, ambayo ilianza Uingereza mwaka 1953, nzuri zake ni magari ya kazi. Majorette ya Ufaransa, tangu 1964, mara nyingi ina springi chini na milango inayofunguka.

Mimi napenda zaidi Tomica ya Japani, iliyoanza mwaka 1970. Sababu yangu ni moja: inatengeneza magari tunayoyaona kila siku hapa kwetu. Hiace, Land Cruiser, malori ya Isuzu na Hino. Mtu anayetaka kuunda gari la baba yake, au lile lililompeleka shule, ana nafasi kubwa ya kulikuta kwa Tomica. Skeli imeandikwa tumboni, nayo hubadilika kutoka gari moja hadi jingine, kwa hiyo isome kabla hujalipa.

Gari la kwanza usinunue jipya. Kwenye marundo ya midoli ya mtumba kuna magari yaliyobabuka rangi ambayo hakuna anayeyataka, na kwako wewe rangi iliyobabuka si hasara, maana itatoka yote. Angalia kioo kisiwe kimepasuka na ekseli zisiwe zimepinda. Bodi yenye nyufa zilizotapakaa kama tope lililokauka iache palepale. Zamaki hiyo ilichanganyika na madini ya risasi wakati wa kuyeyushwa, inaoza kutoka ndani, na hakuna puti itakayoiponya.

Sasa kulifungua. Ligeuze utaona vichwa viwili vya ribiti, mara nyingine kimoja. Chukua keekee ya milimita 3, weka alama katikati kwa msumari, kisha toboa taratibu hadi kile kichwa kibaki kama pete kwenye ncha ya keekee. Simama hapo. Ukiendelea kidogo tu umekula nguzo iliyo chini ya kichwa hicho. Bodi ikishaachana na tumbo, toboa nguzo kwa keekee ya milimita 1.6, pitisha tepu ya kuchonga uzi wa M2, yaani uzi wa skrubu ya milimita 2, na kuanzia siku hiyo gari lako linafungwa kwa skrubu. Utalifungua mara mia. Nakumbuka lile langu la kwanza lilipoachia: bodi mkono huu, viti mkono ule, kioo kimoja cheupe chenye umbo la madirisha yote kimelala katikati ya meza. Nililala saa nane usiku.

Nafasi ya pili: gari la kuvuta nyuma

Hili ni lile la watoto, unalivuta nyuma kisha unaliachia linakimbia. Welly na Kinsmart ndio majina utakayokutana nayo zaidi, na ukubwa wake ni kati ya 1:32 na 1:40. Kwenye maduka ya midoli ya Kariakoo ni rahisi kulipata kuliko hata 1:64. Milango inafunguka, ndani kuna usukani na dashibodi vya kupaka rangi, na mara nyingi tumbo limefungwa kwa skrubu, huhitaji kutoboa chochote.

Limeshuka nafasi ya pili kwa sababu ya mashine ya springi iliyojaa nyuma. Ukiitoa, ekseli inabaki haina pa kushika, itakubidi uitengenezee makazi kwa epoksi. Milango nayo inasumbua: rangi ikiwa nene, mlango unakwaruza kila ukifunguliwa, na baada ya wiki utaona mstari wa chuma pembeni ya bawaba. Paka tabaka nyembamba kabisa, mlango ukiwa nje ya bodi.

Nafasi ya tatu: boksi la plastiki la 1:24

Hapa ndipo ufundi unapokolea. Unanunua boksi, ndani kuna vipande vya plastiki vikiwa bado vimeshikana na vijiti vyake, stika za maji (zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa), matairi ya mpira na karatasi ya maelekezo. Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi ni za Japani. Revell na AMT zina asili ya Marekani, na nyingi za huko hutumia 1:25, tofauti ndogo ambayo utaiona tu ukiyaweka magari bega kwa bega.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki kuna utamu wa pekee. Hasegawa wametoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1971, mashindano yaliyopita kwenye barabara zetu za vumbi na tope, na Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani. Wametoa pia Datsun 1600 SSS aliyoshinda nayo mwaka uliotangulia. Wazee wengi waliokaa kando ya barabara wakisubiri magari hayo bado wapo, na ukimwekea mmoja mezani modeli yenye tope la kweli la Afrika Mashariki, utasikia habari ambazo hutazipata popote.

Boksi zuri la Tamiya huko nje huuzwa kwa dola 30 hadi 50, kabla ya nauli na ushuru. Ndiyo maana simshauri anayeanza. Plastiki yenyewe nayo haisamehi. Gundi yake inafanya kazi kwa kuiyeyusha, kwa hiyo tone moja likidondoka kwenye boneti limeacha kidonda. Na hapa niseme wazi kosa langu: nilichukua rangi ya magari iliyochanganywa thina ya gereji, nikaipuliza moja kwa moja kwenye bodi ya plastiki. Ndani ya dakika chache uso wote ulijikunja kama maziwa yanayoganda. Bodi ya zamaki ningeiosha, ile ilikwenda jalalani. Ukitaka kutumia rangi ya gereji juu ya plastiki, tangulia na praima, yaani rangi ya msingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli, na ujaribu kwanza kwenye kijiti cha kutupa.

Ukiagiza, omba picha ya stika za maji. Boksi lililokaa ghalani miaka mingi kwenye joto hutoka na stika za manjano zinazokatikakatika majini.

Nafasi ya tano: 1:18, na nyingine za kuacha kwa sasa

Gari la chuma la 1:18 linapendeza, na kwa sababu hiyohiyo mkono hautathubutu kulitoboa. Eneo la kupaka rangi ni kubwa, kila kosa linaonekana kutoka mlangoni, na ukiliharibu hasara ni ya mshahara. Liache hadi umeshafunga skrubu za magari kumi.

Bodi za resini zinazochapwa kwa mashine ni nzuri kwa maumbo adimu, ila vumbi lake likisuguliwa ni baya kwa mapafu; msasa wa maji na barakoa ni lazima. Zile Hot Wheels za bei ya juu zenye matairi ya mpira, inunue moja kwa ajili ya matairi tu, uyahamishie kwenye gari lako la mtumba. Hakuna badiliko dogo linalobadilisha sura ya modeli kama hilo.

Pesa nyingine iende wapi

Ukiwa na shilingi mia, gari lichukue thelathini. Zinazobaki ni za keekee mbili, tepu ya M2, tupa ndogo, msasa wa maji namba 800 na 1500, praima, rangi na barakoa. Usiagize rangi ya kopo kutoka nje kwa barua ya ndege: makopo ya kupuliza huhesabiwa kama mzigo wa hatari na yanaweza kuzuiwa njiani. Nunua hapa hapa. Nenda duka la rangi za magari na namba ya rangi ya gari unaloliiga. Kwa Toyota imeandikwa kwenye kibati cha injini au nguzo ya mlango, kwenye mstari wa C/TR. Nyeupe ya 040, kwa mfano, ipo kwenye Toyota nyingi sana. Fundi atakuchanganyia kidogo, nawe utakuwa na weupe uleule wa gari halisi, jambo ambalo mtu wa Ulaya analiagiza kwa gharama.

Wakati wa masika usipulize rangi ya kumalizia, ile ya kung'arisha. Hewa ikiwa na unyevu, rangi inashika ukungu mweupe na gari linaonekana kama limepumuliwa. Subiri jua la saa nne asubuhi, uwe nje, upepo ukiwa umetulia.

Nafasi ya nne, ambayo nimeiacha mwisho kwa makusudi

Hii haina duka. Ni kulijenga gari zima kwa mikono, na kwa daladala au matatu mara nyingi hakuna njia nyingine, kwa sababu mabasi yaliyojengewa bodi hapa hapa hutayakuta kwenye boksi la Hasegawa. Nimeiweka ya nne kwa anayeanza tu. Kwa moyo wangu ni ya kwanza. Wengi wetu tulishaianza tukiwa watoto, kwa waya na maboksi.

Pima gari lenyewe kwa futi ya fundi, au tumia vipimo vya kiwandani, kisha gawa kwa 24. Hiace yenye upana wa milimita 1,695 na kimo cha 1,980 inakuwa upana wa 70.6 na kimo cha 82.5. Omba vipande vya plastiki nyeupe vinavyobaki kwa watengeneza mabango. Hukatika kwa kisu, na kwa tone la supa gluu hushika sekunde hiyohiyo. Madirisha yatoke kwenye kifuniko angavu cha boksi la shati. Chora kila ubavu kwenye karatasi kwanza, ubandike karatasi juu ya plastiki, ukate vyote pamoja.

Tairi la 195/80R15 lina kipenyo cha karibu milimita 693, kwa hiyo modeli inahitaji milimita 29. Soli ya kandambili nyeusi inatosha magari mawili. Tafuta kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha milimita 29, kinoe mdomo kwa tupa upande wa nje, ukipake sabuni, kisha kikandamize na kukizungusha kwa mkono hadi kipite. Usipige nyundo. Mpira ukipigwa hubonyea wakati unakatwa, na tairi hutoka na kiuno.