Chembechembe za pairiproksifeni kwa matangi: usizipime kwa viluwiluwi

Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina tangi au pipa, na mbu wa dengi na chikungunya, Aedes aegypti, hutaga humo humo. Chembechembe za pairiproksifeni 0.5%, dawa ya kuzuia viluwiluwi wasigeuke mbu, zinayafaa sana matangi haya. Tatizo ni kwamba wengi huzitupa baada ya siku 3 wakiona viluwiluwi bado wanacheza majini. Dawa si mbovu. Ndivyo inavyofanya kazi.

Kiluwiluwi hukua kwa kujivua ngozi. Homoni ya ekdisoni ndiyo inayoamuru kujivua. Homoni ya utoto, kutoka tezi ndogo nyuma ya ubongo, ndiyo inayoamua kitakachotoka. Ikiwa nyingi, hutoka kiluwiluwi mkubwa zaidi. Ikishuka katika hatua ya 4, ya mwisho ya kiluwiluwi, hutoka pupa, umbo ambamo mbu mzima hujengeka. Pairiproksifeni huiga homoni hiyo ya utoto, hivyo mwili unaambiwa ubaki mchanga wakati wa kujijenga upya umefika. Anayekufa ni pupa, au mbu anayekwama nusu ndani ya ganda.

Kipimo ni gramu 2 kwa lita 1,000 tangi likiwa limejaa, yaani miligramu 0.01 kwa lita, kiwango ambacho WHO inakiruhusu kwenye maji ya kunywa. Pipa la lita 200 linataka gramu 0.4 tu. Kijiko hakifai, tumia mizani ndogo ya dijitali. Kabla ya hapo sugua kuta za ndani kwa brashi, maana mayai ya mbu huyu hustahimili ukavu kwa miezi.

Kuipima: baada ya wiki moja chota pupa, watie kwenye chupa ya maji hayo hayo, funika kwa kipande cha chandarua, ngoja siku 3. Asiporuka mbu, dawa inafanya kazi. Ukichota siku ya kwanza utadanganyika, kwa kuwa waliokwisha kuwa pupa kabla ya dawa wengi wao wataruka.

Kasoro zake? Haigusi mbu wakubwa, na ukiosha tangi lazima uweke upya. Maji ya kuoshea usiyamwage mikokoni: kamba na kaa nao hujivua, na dawa hii huwadhuru.

Nunua pakiti yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu. Zilizofungwa upya kwenye karatasi ya plastiki kataa kabisa: hutajua ni dawa gani, kwani temefosi 1%, dawa nyingine ya viluwiluwi, nayo ni chembechembe, na kipimo chake ni gramu 100 kwa lita 1,000.