Heda za Subaru Nakuru na Kisumu: usilipie mng'aro, lipia gredi na weldi

Heda ni mabomba yanayotoa moshi kwenye injini kuupeleka kwenye ekzosi, na nyingi za kuundwa kwa mkono hapa kwetu huuzwa kwa mng'aro. Ikimetameta inaitwa stenlesi, bei inapanda, na mnunuzi hachunguzi zaidi. Kumbe stenlesi ni nyingi, na gredi 201 haifai kukaribia injini.

Hiyo 201 ndiyo ya vyuma vya ngazi na vya madirisha. Nikeli imepunguzwa na manganizi ikaongezwa ili bei ishuke, kwa hiyo hustahimili joto na kutu kwa shida kuliko 304. Sumaku hainasi barabara kwa 201 wala kwa 304, basi kupima kwa sumaku hakutenganishi hizo mbili. Dai risiti ya bomba yenye gredi, au fundi atumie dawa ya matone ya kutambua manganizi. Sumaku ikinasa barabara kwenye bomba linaloitwa stenlesi, huenda ni 409, ambayo viwanda vya magari hutumia sana. Hiyo si mbaya. Itashika kutu ya juu juu tu.

Chuma cha kawaida tusikidharau. Hurefuka kidogo kikipata moto, ni rahisi kuchomelea na hakipasuki ovyo. Adui wake ni kutu, hasa Kisumu, na hasa gari la safari fupi za mjini ambalo ekzosi haipati joto la kukausha maji ndani. Ukikizungushia kitambaa cha kuzuia joto, unyevu unabaki chini yake na chuma kinaliwa upesi zaidi. Chagua ukuta wa milimita 2. Bomba lililopakwa zinki likataliwe kabisa: moshi wake ni sumu kwa anayechomelea.

Chaguo letu ni 304L, yaani 304 yenye kaboni kidogo. Kasoro yake ni kurefuka: mita moja ikipanda nyuzi 700 huongezeka takriban milimita 13, wakati chuma cha kawaida huongezeka kama 10. Mabomba yakibanwa yasipate pa kwenda, ufa hutokea kando ya mshono, mara nyingi kwenye kolekta, pale yanapokutana kuwa bomba moja. Kwa hiyo uliza kama kolekta ina maungio ya kuteleza, kama kuna bomba la kunyumbuka mbele yake, na kama kuna kishikilio cha kwenye giaboksi ili uzito wa ekzosi usining'inie kwenye heda.

Kisha tazama ndani ya bomba kwa tochi. Fundi wa TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya kinga) asipopitisha gesi ya agoni ndani anapochomelea, nyuma ya mshono hutoka uchafu mweusi wa chembechembe kama sukari iliyoungua. Ufa huanzia hapo, na kwenye gari la tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini, vipande vikibanduka huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Kazi yenye uchafu huo irudishwe, hata kama nje mshono una rangi za kuvutia. Waya wa kuchomelea uwe 308L. Flanji, yaani bamba linalofunga heda kwenye injini, ikiwa ya chuma cha kawaida, 309L. Flanji ya milimita 10 ichomelewe ikiwa imefungwa kwa boliti kwenye kitu imara, la sivyo itapinda. Weka rula juu yake: mwanga ukipita, itavuja na utasikia tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi.

Gredi ya 321 ina titani inayoifunga kaboni ili kromu isipungue kwenye mipaka ya chembe za chuma. Inafaa tabo inayosukumwa sana, ambapo moshi hupita nyuzi 900. Kwa Subaru ya kupanda Mau Summit kwenda kazini, ni gharama ya bure. 304L ya milimita 2 inatosha, na isiyo na tabo hata 1.5.

Jambo jingine: heda ya mabomba ya urefu sawa huondoa ule mngurumo wa Subaru. Hilo halihusiani na chuma, usimlaumu fundi.

Ikishafungwa, iendeshe ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha kaza nati tena kabla ya kwenda mbali.