Uzoefu wangu na zana ya taarifa za safari: data nzuri, mwongozo pungufu

Ofisi yetu ya utalii iko Arusha, nami ndiye ninayemtunza msaidizi wa akili mnemba anayejibu wateja WhatsApp. Mwezi uliopita tulimwongezea zana ya nje ya taarifa za safari: ndege, hali ya hewa, masharti ya kuingia nchini. Inaunganishwa kwa MCP, utaratibu wa kuunganisha akili mnemba na zana za nje uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, kwa hiyo kuiunganisha hakukumaliza nusu saa. Jina la kampuni silitaji, maana nimeshawaandikia na wameanza kurekebisha. Ninachopima hapa ni mwongozo wake, kwa kuwa huo ndio ulioninyima usingizi.

Mwongozo wa zana ya namna hii una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mimi, na kwa upande wangu sina lawama: umepangika, na mifano yake unainakili na inafanya kazi. Wa pili ni wakala mwenyewe, yaani yule msaidizi wetu wa akili mnemba. Yeye anasoma jina la zana, maelezo mafupi, na skima ya JSON, yaani fomu ya kikompyuta inayomwambia ajaze nini wapi. Hana jirani wa kumuuliza. Maelezo yakinyamaza, anakisia, tena anamjibu mteja kama mtu aliyehakikisha.

Siku ya pili mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliandika: "Mwanangu, Jumamosi kuna ndege ya saa mbili asubuhi ya Zanzibar?" Nikafungua kumbukumbu nione wakala ametuma nini. Kwenye muda alijaza 02:00. Mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua saa mbili asubuhi ni 08:00, na wakala naye ukimuuliza hivi hivi anajua. Lakini maelezo ya sehemu ile yalikuwa "muda wa kuondoka", basi. Hayakusema mfumo wa saa 24, hayakusema kama ni saa za uwanja wa kuondokea au UTC, ile saa ya rejea ya dunia nzima, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Hapo mtu anaachwa na ndege mchana kweupe. Niliongeza sentensi moja tu: "Saa za mahali pa kuondokea, mfumo wa saa 24, mfano 08:00, mtumiaji akitaja saa za Kiswahili, zigeuze kwanza." Nikarudia maswali yote niliyokuwa nimeyaandaa. Saa zote zikatoka sawa.

Kilichoniuma zaidi ni orodha tupu. Mgeni aliuliza ndege ya kutoka Arusha kwenda Seronera, ndani ya Serengeti. Mwongozo unataka "msimbo wa mji", wakala akaweka JRO, ambao ni Uwanja wa Kilimanjaro. Ndege ndogo nyingi za Serengeti zinaruka kutoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo, na msimbo wake ni ARK. Zana ikarudisha mabano mawili matupu, wakala akamwambia mgeni hakuna ndege siku hiyo. Msimu wenyewe wa wageni! Hakuna mahali mwongozo unapofafanua utupu ule: ndege hazipo, msimbo si wenyewe, au data za shirika hilo hawana? Nairobi ni yale yale, ukichanganya NBO (Jomo Kenyatta) na WIL (Wilson) ndege za Maasai Mara zinapotea.

Niwape haki yao kwenye ujumbe wa makosa. Wakala alipotuma tarehe 12/07, zana ilimjibu kwamba mwaka uanze, kisha mwezi, kisha siku, na ikamwonyesha alichotuma. Akajirekebisha palepale. Kwetu hiyo ni Julai 12, kwa Mmarekani ni Desemba 7, kwa hiyo kukataa ni bora kuliko kubahatisha.

Masharti ya kuingia siyaamini bado, maana hubadilika. Kenya iliacha viza na kuweka eTA, kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni, Januari 2024. Zanzibar ikaanza kudai bima ya dola 44 kwa wageni kutoka nje Oktoba 1, 2024. Nilipouliza kuhusu Zanzibar nilipata pasipoti, viza na cheti cha homa ya manjano, bima haimo. Mtu na mkewe ni dola 88 wanazodaiwa uwanjani bila kuambiwa mapema, na lawama inakuja kwetu. Jibu halina tarehe ya kuhakikiwa, wala mwongozo hausemi data husasishwa kila baada ya muda gani.

Walinijibu baada ya siku nne. Mfano wa saa umeongezwa, na orodha tupu sasa inakuja na sababu yake. Tarehe ya kuhakikiwa wameahidi, haijaja. Kwa hiyo ndege nimeziacha kwa wakala, masharti ya kuingia nimeyazima, na swali lolote la viza linakwenda moja kwa moja kwa dada wa mapokezi.