Springi ya kuzibulia bomba la uani: nimeitumia Gungu, Kigoma

Kwa mwenye maji yaliyokwisha tuama uani na hana muda wa kusoma yote: inunue, inafaa. Mwenye muda aendelee, maana duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga watakuuzia bila kukueleza lolote.

Yangu ni ya mita 10, waya wa chuma uliosokotwa, unene wa kidole kidogo, na mkono wa kuzungushia unaokazwa kwa skrubu. Bei yake haifiki ujira wa fundi bomba wa kuja mara moja.

Bomba langu ni la inchi 4, linatoka jikoni kwenda kwenye karo, yaani shimo la maji taka, na katikati lina chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba. Adui mkubwa wa mabomba ya Kigoma ni mawese. Ukimwaga maji ya moto yanayeyuka kweli, unaona yanashuka, unafurahi. Kumbe mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, na ndani ya ardhi bomba halina joto hilo. Kwa hiyo tope la mafuta linahama tu, linakwenda kuganda mbele zaidi, mahali ambapo mkono haufiki.

Muuzaji alitaka nichukue na kostiki soda. Nikamwambia, kaka, hapa kwetu nani asiyejua kostiki na mawese vikikutana hutoa sabuni? Maji yakiwa yanatembea, sabuni hiyo itaoshwa. Bomba likiwa limeziba kabisa, inakaa palepale na kushikamana. Tena ukishamwaga kostiki halafu ukaingiza springi, kila ukiivuta inakurushia maji yanayounguza ngozi na macho. Chagua kimoja.

Jambo lililonifaa zaidi ni kuanzia kwenye chemba, siyo jikoni. Ukikuta chemba ni kavu na jikoni maji yamesimama, kizuizi kipo katikati ya hapo. Ingiza springi kutoka chemba ukipandisha, zungusha upande wa kulia tu, usisukume kwa nguvu. Ikigota, zungusha hukuhuku ukivuta kidogo. Simama pembeni, maana kikifunguka maji yote ya juu yanakujia kwa kishindo. Yangu yalileta mawese yaliyoganda kama mshumaa, mchanga, magamba ya samaki na kipande cha stilwaya ambacho hakuna aliyekiri kukitupa. Hapo ndipo maji ya moto na sabuni yanapofaa, njia ikishafunguka.

Kasoro zipo. Skrubu ya mkono inalegea, inabidi uwe na bisibisi karibu. Waya unashika kutu upesi usipoukausha na kuupaka mafuta. Na kwa bomba la inchi 4 springi hii ni nyembamba: inatoboa tundu tu katikati ya uchafu, maji yanapita, unadhani umemaliza. Irudishe tena na tena mpaka itoke safi, kisha mwaga ndoo kadhaa kwa mkupuo.

Kwa mizizi usijisumbue. Shemeji yangu wa Ujiji, ambaye bomba lake linapita chini ya mwembe, aliniazima akanirudishia ncha imenyooka. Huko ni jembe, msumeno na kipande kipya cha bomba.