Nimeirudia Miami Vice nikiwa na mdogo wangu

Mara ya kwanza niliiona Miami Vice, tamthilia ya polisi ya Marekani, kwenye kibanda cha video, Magomeni, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wazanzibari walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo tuliona kwa kanda, na kanda ile ilikuwa nakala ya nakala, bahari ya Miami imegeuka kijani na nyuso za watu zinakatika mistari. Nilitoka pale na vitu vitatu kichwani: gari jeusi, koti jeupe lililokunjwa mikono, na ngoma za Phil Collins usiku ule wanapokwenda kumkabili adui yao. Hadithi sikuishika. Nilijua ni tamthilia ya magari.

Mwaka huu nimeitazama yote, misimu mitano, kwenye diski nilizoletewa na ndugu anayeishi nje. Nimeitazama na mdogo wangu, na lazima niseme hivyo mapema kwa sababu bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Mdogo wangu alivuta unga, baadaye akajidunga, miaka mingi. Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadone, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011. Hakuwa katika kundi la mwanzo, lakini aliingia, na mpaka leo anakwenda kunywa dozi yake. Ameniruhusu niyaandike haya.

Kwa ambaye hajaiona: ilianza kurushwa Marekani Septemba 1984 na kumalizika Mei 1989. Inawahusu askari kanzu wa Miami, hasa wawili. Sonny Crockett, anayeigizwa na Don Johnson, alipigana Vietnam, ameachana na mkewe, anaishi kwenye mashua pamoja na mamba aitwaye Elvis. Ricardo Tubbs, yaani Philip Michael Thomas, ni askari wa New York aliyekuja Miami kumsaka Calderone, muuza unga aliyemuua kaka yake. Kazini Crockett anajiita Sonny Burnett, mwenye boti ziendazo kasi na asiyeuliza mzigo ni wa nani. Tubbs anajiita Cooper, mnunuzi mwenye pesa.

Swali langu la utotoni lilikuwa moja: askari anapata wapi Ferrari? Jibu lake ndilo lililoizaa tamthilia yenyewe. Anthony Yerkovich, aliyeibuni, alivutiwa na sheria iliyowaruhusu polisi wa Marekani kutumia mali walizotaifisha kwa wahalifu. Gari, boti na saa ya mkononi vyote ni vya kazi. Na lile gari jeusi tulilolipigia makofi kibandani halikuwa Ferrari hata kidogo. Lilikuwa Corvette iliyovishwa bodi ya kuigiza. Ferrari wenyewe hawakufurahi, likalipuliwa mwanzoni mwa msimu wa tatu, na Crockett akapewa Ferrari Testarossa ya kweli, nyeupe.

Nilipomweleza mdogo wangu haya hakushangaa. Tulikuwa kwenye sehemu za mwanzo, Crockett amekaa na watu wa mzigo, suti ya rangi ya maji ya bahari, miguu haina soksi. Nikasema mtu wa hivi angegundulika siku ya kwanza. Akatikisa kichwa.

"Kaka, angekuja kununua kete, hapo sawa, wangemjua. Pusha anakusoma. Mwenye arosto, aliyekosa unga, anapiga miayo, pua inamtoka, anatetemeka kwenye jua la saa saba. Huyo hana. Lakini yeye hanunui kete, anataka mzigo. Kwenye mzigo hawasomi pua. Wanasoma nguo."

Tangu hapo zile nguo sikuziona tena kama mapambo. Watu wengi wanaoisifu Miami Vice, na wanaoiponda pia, wanaishia kwenye mavazi na muziki wa Jan Hammer, ambao kweli ulishika namba moja Marekani mwaka 1985. Wanajua kwamba Michael Mann, mtayarishaji mkuu, alizikataa rangi za udongo na kutaka kila ukuta uwe wa waridi au samawati. Yote hayo ni sahihi, na picha bado ni nzuri mpaka leo, hasa usiku, taa zinapolala juu ya lami iliyolowa. Ila hizo nguo ndizo kitambulisho chao. Kosa moja la mshono, mtu anakufa. Mwenzake Crockett wa mwanzo, Eddie Rivera, analipuliwa ndani ya gari kabla mtazamaji hajamzoea.

Halafu kuna pale kwenye kibanda cha simu. Kanda yetu ya Magomeni ilikuwa nayo, lakini Kiingereza changu hakikutosha. Crockett na Tubbs wako njiani kwenda kukutana na kifo, wimbo unapigwa, Crockett anasimamisha gari. Hampigii mkuu wake. Anampigia mkewe waliyeachana. Anamuuliza kama maisha yao ya zamani yalikuwa ya kweli. Mke anamjibu ndiyo, yalikuwa ya kweli. Anakata simu, anarudi kwenye gari. Hayo tu. Mtu amedanganya kwa jina la kazi mpaka anahitaji shahidi wa kumthibitishia kwamba kuna wakati hakudanganya. Nilikuwa na kijana wa kibandani ndani yangu aliyesubiri risasi, na nikagundua kwamba risasi zilikuwa jambo dogo kabisa la usiku ule.

Habari hii ya jina inakuja kukomaa mwishoni mwa msimu wa nne, mwaka 1988. Crockett ameshafiwa na mke wa pili, aliyeuawa na mtu mwenye kisasi naye. Anaumia kwenye mlipuko wa boti, anapoteza kumbukumbu, na anapozinduka anaamini yeye ni Burnett. Anawafanyia kazi wauza unga kwa dhati. Anaua. Wako watazamaji wanaoiona sehemu hii kuwa imetiwa chumvi, kwamba mtu hasahau nafsi yake hivihivi. Mimi nilitaka kusema hivyo pia. Mdogo wangu alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema:

"Maskani nilikuwa na jina jingine. Mama akija kunitafuta, ananiita jina langu, nilikuwa sigeuki. Si kwamba namkimbia. Nilikuwa sidhani ni mimi."

Tulizima tukalala. Kesho yake ndiyo tukaimalizia.

Kama kuna mwigizaji mmoja wa kumsubiri, ni Edward James Olmos akiwa Luteni Castillo. Anaingia baada ya mkuu wa kwanza wa kitengo kuuawa, na ghafla tamthilia inapata uti wa mgongo. Hapigi kelele. Anasimama, anatazama chini, anasema maneno manne, na chumba kizima kinaganda. Alipata tuzo ya Emmy mwaka 1985 kwa kazi hii. Historia ya Castillo iko Asia, Pembetatu ya Dhahabu, kule kasumba ilikokuwa ikilimwa kwa wingi, na anapopewa sehemu za kwake unaona mtu aliyekwisha kujua kwamba ukimkamata mmoja, mzigo unapita kwa mwingine. Calderone mwenyewe anakamatwa mapema, anaachiwa kwa dhamana, anaruka na ndege mbele ya macho yao. Baadaye Tubbs anampata, lakini kwa kumpitia binti wa Calderone, ambaye Tubbs keshampenda. Mwaka mzima nimesikia watu wakisema tamthilia za zamani zilikuwa na wema na wabaya waliotengana kama mafuta na maji. Waitazame hiyo.

Sehemu iliyotuumiza zaidi ni ya msimu wa tatu, kifo cha Zito. Larry Zito na Stan Switek ni wale askari wa ndani ya gari la kunasia sauti, wachekeshaji wa kikosi. Wabaya wanamuua Zito kwa sindano ili ionekane amejizidishia mwenyewe. Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Nilipomfuata barazani aliniambia wako aliowazika ambao hakuna aliyeuliza walikufaje. Sindano ilikutwa mkononi, basi, imeisha. Switek hakukubali rafiki yake azikwe na uongo huo. Mdogo wangu aliniomba nirudishe nyuma, tuanze pale Switek anapoanza kukataa.

Sasa kasoro, nazo si ndogo. Gina na Trudy ni askari hodari, Saundra Santiago na Olivia Brown wanajua kazi yao, lakini wiki baada ya wiki wanapangiwa kujifanya makahaba. Kuna sehemu ya msimu wa kwanza ambayo Gina inambidi alale na mhalifu ili asigundulike, na jeraha hilo linapewa dakika chache mno. Ilistahili msimu mzima. Msimu wa nne una sehemu ambazo sijui zilipitishwaje: moja ya mwanamuziki wa rege aliyegandishwa kwenye barafu, nyingine ya viumbe wa angani. Zirukeni. Na mateja wenyewe, hao ambao unga wote huu unawaishia, mara nyingi wanapita nyuma ya picha kama miti ya barabarani. Tunamjua muuzaji, boti yake, nyumba yake ya kioo na mawakili wake. Aliyekunja goti chini ya ukuta hatumjui. Mdogo wangu ndiye aliyeligundua hilo kwanza, na hakulisema kwa hasira. Aliuliza tu, "Sisi tunaingia saa ngapi?"

Picha ni ya mraba kama televisheni za zamani, msiivute ijaze kioo, nyuso zinabweteka. Maandishi ya Kiswahili hakuna, na Kiingereza chao ni cha haraka. Sisi tuliweka maandishi ya Kiingereza, na nilikuwa namfafanulia pale palipofunga. Asiye na muda aanze na sehemu ya kwanza yenye urefu wa saa mbili, aende kwa Calderone mpaka amalize, kisha atafute ile ya Oktoba 1985 ya askari mstaafu aliyepagawa na muuza unga aliyetoweka. Mwisho wake sitauharibu. Baada ya hapo aruke mpaka kwa Zito, halafu Burnett, halafu sehemu ya mwisho kabisa, ambapo wawili hawa wanavua beji na kila mmoja anashika njia yake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya Gina na kwa ajili ya swali la mdogo wangu. Ile sehemu ya kwanza tumeshairudia mara mbili; ya tatu ni Jumamosi, akitoka kunywa dozi.